Mama Hajauliza

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Tanga mjini, Muheza, Pangani na kote mnakotupata, assalaamu alaikum. Wakubwa zangu, shikamooni. Punguzeni moto chini ya chungu, mkae.

Leo namkumbuka Siham binti Saleh. Mtoto wa Nguvumali, aliolewa Mwera kule Pangani. Amefariki kabla ya Ramadhani, kwa kutokwa damu baada ya kujifungua. Hakufika miaka thelathini. Nasema Siham wa Bi Time, yule muuza mikate ya kumimina. Nami Sabra ninao mabinti wawili walioolewa mbali, na tangu msiba ule simu ikilia naikimbilia.

Nimeomba ruhusa kwa Bi Time. Akaniambia, "Sema, Sabra. Na jina langu litaje. Aibu nimeitunza miaka yote, imenilipa nini?"

Basi nasema.

Siham alikuwa mcheshi. Hadithi yake huimalizi, maana anacheka yeye kabla hajafika mwisho. Tangu mdogo alikaa na mama yake jikoni, anasubiri unga wa mchele uumuke, anawaigiza wateja. Alipoolewa na Asaad, mtaa ulipoa.

Sasa sikilizeni hapa. Kwetu pwani mama na mkwe wa kiume hawazoeani. Bi Time ni Mpemba wa adabu za zamani. Asaad akija kusalimu, mama yuko nyuma ya pazia, maneno mawili matatu, basi. Sauti ya mkwewe hasa haijui. Shikeni hilo: haijui.

Mwaka jana simu ikalia. Namba ngeni.

"Shikamoo mama. Mkweo hapa."

Bi Time alikuwa peke yake jikoni. Akavuta kanga, akajifunika kichwa. Simu haina macho, lakini mkwe ni mkwe. "Marahaba, baba. Nisalimie Siham."

"Siham kazidiwa, mama. Tuko hospitali, wanataka hela. Simu yangu imeharibika, tuma kwa namba hii. Usikate, mama. Usimwambie mtu."

Hakuuliza. Utamwambiaje mkweo, "We nani?" Akatuma akiba yake yote ya kwenda Umra. Ndipo akampigia Siham.

"Mimi? Mimi mzima, mama. Nafua."

Mtaa ukapata la kusema. "Bi Time, yule mkwe wa kwenye simu hajambo?" Siham akaja kutoka Mwera, akawanyamazisha wote. Akapita nyumba kwa nyumba akitufundisha, na mimi nilikuwapo. "Anayekuharakisha anakuibia," alisema. "Anayekwambia usimwambie mtu, mwambie kila mtu. Namba ya siri usimpe hata mumeo. Na sauti ya adabu isikupumbaze, mwizi naye ana shikamoo."

Mama yake naye, Siham akampa dawa ya peke yake. Siham na Asaad walikuwa na paka wa rangi ya majivu, asiyelala popote ila miguuni mwa Asaad. Siham alimpa jina Bimdogo. "Si ndiye mke mwenzangu!"

"Mama, mtu akisema yeye Asaad, muulize: bi mdogo wako hajambo? Mwizi atababaika. Asaad atakwambia kaiba samaki."

"Astaghfirullah! Nimuulize mkwe wangu habari za mke wa pili? Si atasema namtafutia mwanangu ukewenza?"

Tulicheka mpaka machozi. Mundhir, kaka yake Siham, akaona tunazungusha maneno. "Mama, namba usiyoijua usipokee. Kwisha." Bi Time akashika la Mundhir.

Uchungu ukamshika Siham ghafla. Katika kukimbizana, simu yake ikabaki kitandani Mwera. Ya Asaad ikaisha chaji. Akajifungua mtoto wa kike, mzima. Kisha damu. Wauguzi walihangaika, damu haikukatika.

"Nipeni mama," akasema Siham. "Nimsikie."

Asaad akaazima simu kwa mtu aliyekuwa akiuguza kitanda cha pili. Namba ngeni. Bi Time hakupokea. Akapiga tena. Hakupokea. Alipopiga tena, mama akapokea kwa hasira.

"Shikamoo mama. Mkweo hapa. Siham kazidiwa."

Maneno yaleyale, wasikilizaji wapendwa. Yaleyale.

"Ulishanila, mwanaharamu we! Leo hunili!" Akakata. Akaifungia namba ile. Jirani yake Khadija alikuwapo, wakagongeana mikono, wakacheka.

Asaad alikuwa ameweka simu sauti ya juu, ili mkewe asikie. Siham alisikia. Akamwambia mumewe, "Mama hajauliza." Hakusema jingine. Alasiri haikumkuta.

Siku ya matanga kuanuliwa, Asaad alikuja kuaga. Akasimama nje ya pazia, kama kawaida yake. Bi Time akalifungua pazia kwa mkono wake, akatoka, akamtazama usoni.

"Asaad," akasema. "Bi mdogo wako hajambo?"

Kijana wa watu akakaa chini. "Hali kitu, mama. Yuko mlangoni, anamngoja."

Bi Time, Asaad, Mundhir, na kile kitoto kisichojua: poleni. Mwenyezi Mungu amrehemu Siham.

Nawe uliyepiga ile simu ya kwanza, huenda una redio. Umra ulichukua, sawa. Lakini ulichukua na neno "mkweo", na mwenyewe alipolileta, hakuaminiwa.

Wazazi wenzangu, chagueni swali lenu leo, la kipuuzi hata likiwa la paka. Akipiga mkwe, uliza. Akipiga shekhe, uliza. Atakayeudhika, audhike akiwa hai.