Nilisema Nimepona, Bega Likakataa

Bwana asifiwe! Naomba mniitikie tena, na wale wa benchi la nyuma pia, kwa sababu leo nimesimama kufanya jambo ambalo sijawahi kuona mtu akilifanya hapa. Nimekuja kuufuta ushuhuda wangu.

Wengi mnanijua. Mimi ni Eliza, Mama Upendo, msusi wa pale sokoni Kilosa. Nusu ya vichwa ninavyoviona humu vimepita mikononi mwangu. Mwaka jana mlikuwa mmekaa hivi hivi, nikasogelea kipaza sauti nikasema, "Nimepona kabisa!" Mkapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele. Ndugu zangu, nilidanganya. Sikuwa nimepona.

Ngoja nianze mwanzo. Nilikwenda Kilangali kumsuka bibi harusi, wakati wa kurudi nikapanda bodaboda. Njia ilikuwa na tope, pikipiki ikateleza, nikatanguliza mkono wa kulia chini. Niliinuka nikijiona mzima, ila mkono ukawa unaning'inia kama si wangu. Hospitalini wakasema kano za bega zimechanika, lazima nifanyiwe upasuaji. Mliomba pamoja nami, mlileta uji nyumbani, Mungu awakumbuke. Upasuaji ulikwenda vizuri, na mpaka leo sina neno na kazi ya daktari yule.

Shida ilianza baada ya nyuzi kutolewa. Niliambiwa kile kitambaa cha kuning'inizia mkono shingoni nikivue, nianze kuunyanyua mkono kidogo kidogo. Nikakivua mbele ya daktari. Nilipofika nyumbani nikachukua kanga, nikaufunga mkono tumboni. Niliogopa! Kila nikijaribu kuunyanyua nilihisi kitu kinataka kuchanika tena humo ndani. Nikaoga kwa mkono mmoja, nikapika kwa mkono mmoja, nikamfokea Baba Upendo kwa makosa ambayo hata hajayafanya. Usingizi ukanikimbia. Nikisikia pikipiki inapita, mwili wote unakakamaa. Na msusi asiyeweza kunyanyua mkono ni nani? Nilijiuliza hivyo kila siku, na jibu lilikuwa baya. Kuna siku niliona heri ningebaki palepale kwenye tope. Nalisema hili wazi, maana najua humu yupo mtu anayeijua siku ya namna hiyo.

Basi kwa nini nilisimama nikasema nimepona? Hakuna aliyenilazimisha. Mchungaji hakuniomba. Nilikuwa nimechoka kuulizwa kila Jumapili, "Unaendeleaje?" Nilidhani nikisema inauma nitakuwa nimemwaibisha Mungu mbele za watu. Nikaona nikiri kwa kinywa, bega litafuata. Siku ile mliona mkono wa kulia umepanda juu na Biblia. Hamkuona kwamba mkono wa kushoto ulikuwa chini ya mtandio, umeshika kiwiko, unakisukuma. Na yale machozi hayakuwa ya furaha, ndugu zangu. Yalikuwa ya maumivu.

Mkatoka hapo mkafanya nini? Jumatatu asubuhi nafika kibandani, nakuta kina mama saba wamekaa kwenye benchi, nywele zimefumuliwa tayari! Mama Tupo alikuwa na rasta mpya mkononi. Walikuwa wameuamini ushuhuda, wamekuja kusukwa. Nikasema kitana kimevunjika. Mama Tupo akatoa kitana kwenye pochi. Nikasema nina mgeni nyumbani. Wakajifunga vilemba wakaondoka, mmoja mmoja, wakinipa pole ya mgeni.

Aliyebaki, mbali na wale saba, alikuwa mama yangu mzazi. Yuko pale, benchi la pili. Nimemsuka tangu nikiwa msichana, na hajawahi kukubali mtu mwingine amguse kichwa. Akafungua kilemba, akakaa chini katikati ya magoti yangu, akasubiri. Mvi zake zilikuwa zimefungana, maana tangu nianguke hakuwa amesukwa. Nikaweka mkono wa kushoto kichwani pake. Wa kulia haukuja. Mama hakugeuka kunitazama. Akajifunga kilemba chake, akasema, "Eliza, wengine waambie unachotaka. Mimi nitakaa hivi hivi mpaka siku utakayonisuka." Akaenda zake nyumbani.

Mnadhani nilitubu hapo? Wapi! Wiki ile ile nilikuwa na siku yangu ya kwenda hospitalini Mikumi kwa dada wa mazoezi ya viungo. Dada huyu ana karatasi ya maswali, na maswali yake hayamhusu daktari, anaulizwa yule aliyeumia. Maumivu ni ngapi, kuanzia sifuri mpaka kumi? Unaweza kulala ubavu huo? Unaweza kuanika nguo kwenye kamba? Unaweza kuchana nywele? Moyo wako ukoje? Nikajibu haraka haraka: sifuri, naweza, naweza, naweza, moyo uko safi, Bwana asifiwe. Akaandika yote. Kisha akaniambia ninyanyue mkono. Ulifika usawa wa kifua, ukagoma.

Dada yule ningeweza kumzaa, na aliponipokea aliniamkia shikamoo kwa adabu kabisa. Lakini pale hakuwa na mchezo. Alisema, "Mama, kwa majibu haya nakufungia faili leo, huna haja ya kuja tena. Ila bega limeshaanza kukakamaa. Tukiliacha hivi, mkono utabaki hapo hapo. Nikufungie?"

Ndugu zangu, niliziona Jumatatu zote zilizobaki za maisha yangu, kina mama wako kwenye benchi na mimi natafuta kisingizio. Nikamwona mama yangu anakwenda kaburini na mvi zimefungana. Nikasema, "Usifunge." Halafu nikasema maneno ambayo sikuwa nimeyasema kwa mtu yeyote tangu nianguke. "Inauma. Na ninaogopa." Nililia mpaka yule dada akainuka kufunga mlango.

Akachukua karatasi mpya, tukaanza upya. Maumivu, saba. Kulala, siwezi. Kuchana nywele, siwezi. Tulipofika kwenye moyo nikamweleza habari ya ile siku niliyotamani ningebaki kwenye tope. Hakunishangaa. Alinieleza kwamba kilichoshonwa kimeshika, kwamba si kila maumivu maana yake kitu kinachanika, na kwamba woga nao unatibiwa kama bega linavyotibiwa. Siku hiyo hiyo akanipeleka kwa muuguzi wa ushauri nasaha, nikakaa naye, na nikarudi kwake mara nyingi. Miezi yote ile nilikuwa namwomba Mungu aniletee msaada. Kumbe msaada umekaa mbele yangu na kalamu, unaniuliza hali yangu, nami naudanganya! Nilisamehewa siku ile, nakwambieni, nilitoka mle ndani nimekuwa mwepesi.

Kinywa kilifunguliwa siku moja. Bega limechukua muda. Baba Upendo alichora mstari wa mkaa ukutani, pale vidole vyangu vilipoishia. Kila asubuhi nilisimama pale nikitambaza vidole ukutani kwenda juu, jasho linanitoka, na kila Jumamosi tulichora mstari mwingine. Wiki nyingine haukupanda hata kidogo. Wiki moja ulishuka! Nikamwambia Baba Upendo auchore hapo hapo ulipo, kwa maana nilishamwahidi Mungu kwamba hata ukuta sitaudanganya. Nikiumia nilisema naumia, nikiogopa nilisema naogopa. Maskini mume wangu, aliyasikia yote. Sikukosa siku yangu hata moja ya kwenda Mikumi, na kituo cha basi nilikifuata kwa miguu, maana bodaboda ilikuwa bado inanishinda. Mwezi uliopita nilipanda. Nilimwambia dereva aende polepole, nikaimba njia nzima kwa sauti ya juu. Nadhani alijuta kunibeba.

Sasa nawapa ushuhuda wa kweli, nao ni huu. Maumivu ni mbili, siku ya baridi tatu. Kulala ubavu wa kulia, kidogo. Kuanika nguo, naweza. Kuchana nywele, naweza. Woga haujaisha wote, ila hauniongozi tena. Tazameni: mkono wa kushoto nimeuweka mgongoni, nyote mnauona. Wa kulia huu hapa, unapanda wenyewe. Unafika hapa. Leo mwisho wake ni hapa, na sitaongeza hata kidole kimoja. Lakini kesho asubuhi nitakuwa ukutani tena!

Namshukuru Mungu ambaye hakuniacha niliposema uongo kwa jina lake. Namshukuru kwa daktari, kwa dada wa Mikumi na muuguzi wake, kwa Baba Upendo na mkaa wake. Na wewe, ndugu yangu, uliyeulizwa pale mlangoni hali yako ukajibu "Nzuri tu," na unajua si nzuri, nakusihi. Mwamini Mungu kiasi cha kumwambia ukweli. Kisha waambie wale aliowaweka karibu nawe wakusaidie. Utukufu wake haupungui kwa wewe kusema inauma. Ukikosa wa kumwambia, njoo kibandani kwangu.

Na wale kina mama saba, njooni Jumatatu. Nasuka mistari mitatu, napumzika, nasuka tena. Mwenye haraka atanisamehe.

Mama, naomba usimame. Vua kilemba, watu waone. Nimemsuka juzi na jana, siku mbili nzima kwa kichwa kimoja. Mistari ya nyuma imepinda, najua, ameshaniambia mwenyewe kwamba nimemsuka ovyo. Nikamwambia nifumue nirudie. Amekataa kabisa, amesema anakuja nayo hivyo hivyo kanisani.