Kiazi Kisicho na Mbegu na Shamba la Juu la Qalani

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Kilimo Hilario Catacora, viongozi wa jumuiya yetu, mama zetu na baba zetu,

KARIBU

Gari lilishindwa kule bondeni, ukapanda kwa miguu hadi hapa. Tunakushukuru. Supu ya quinoa, nafaka yetu ya milimani, imeiva, lakini tunaomba utusikilize kwanza, maana watu wakishashiba huona haya kutaja shida.

HISTORIA YA KIAZI CHETU

Sisi akina mama wa Qalani tunalima luk'i, kiazi kichungu. Hakiliwi kikitoka shambani. Mwezi wa sita tunakilaza nje kigande kwa baridi, tunakikanyaga kitoe maji, tunakianika juani hadi kiwe chuño. Mwaka ule jalidi, baridi ya kugandisha, ilipoua quinoa yote, tuliishi kwa chuño.

Mtaalamu Yolanda Pilco alikuja na hadubini akatueleza jambo ambalo hatukulijua. Ndani ya kila mmea mna nyuzi ndogo sana, kromosomu. Nyanya, pilipili na viazi ni ukoo mmoja. Nyanya na pilipili zina ishirini na nne, na baadhi ya viazi vyetu visivyo vichungu vivyo hivyo. Lakini viazi vingine vina arobaini na nane. Zamani kiazi pori cha juu chenye arobaini na nane, kisichoogopa baridi, kilikutana na kiazi cha shambani chenye ishirini na nne, kila kimoja kikatoa nusu yake, akazaliwa luk'i mwenye thelathini na sita.

Mama Saturnina, mwenyekiti wetu, aliuliza, "Sasa mwanangu, ubaya uko wapi? Si ndizo nyingi kuliko za nyanya?"

"Nyingi, mama, ila ziko tatu tatu. Ili mbegu ipatikane lazima zigawanywe nusu kwa nusu. Tatu utazigawaje?"

"Kumbe ni nyumbu wa Eulogio. Hazai, ila mzigo anabeba."

Eulogio alikuwa nyuma yake. "Mwache nyumbu wangu, shemeji. Yeye hata hasengenyi."

Tulicheka, lakini tulielewa. Luk'i hutoa maua, maua hudondoka, basi. Njia yake ya kuendelea kuishi ni kiazi chenyewe kurudi udongoni kila mwaka. Mama mkwe humpa mkwe, na mkwe humpa wake.

MAFANIKIO

Tunatunza aina tisa za luk'i. Msimu uliopita kila nyumba ilipata chuño ya kula, na tukawapelekea majirani wa ng'ambo ya mto waliopigwa na mvua ya mawe.

CHANGAMOTO

Mwaka jana ofisi yako ilituma mifuko ya kitambaa tuijaze mbegu za mimea yetu yote. Ya viazi visivyo vichungu tuliijaza. Wa luk'i haukuwa na cha kutia. Kwetu mfuko wa mgeni haurudi mtupu, basi tukautia chuño nzuri, nyeupe, ya kupikwa. Tulidhani mtaionja.

Baadaye tukasikia redioni kwamba mbegu za luk'i wa Qalani zimehifadhiwa kwenye chumba cha baridi, na kwa hiyo shamba la juu, tunapolima luk'i, litapandwa majani ya ng'ombe wa maziwa kwa misimu miwili, kisha turudishiwe. Mheshimiwa, kilichomo chumbani ni chakula. Hakitaota.

Hatuwakatai ng'ombe. Watoto wetu wanapenda maziwa. Lakini kiazi cha kupanda hakingoji misimu miwili. Kinanyauka au kinaoza. Chini karibu na ziwa mashamba ni membamba, yamejaa maharage. Yolanda anasema mjini wanaweza kukuza vichipukizi kwenye chupa za kioo. Tungefurahi, ila bado hakuna aliyekuja kuvichukua.

MAOMBI

Tuna ombi moja. Utuachie sehemu ya shamba la juu, kuanzia chemchemi hadi kwenye ukuta wa mawe, tupande luk'i mwaka huu na kila mwaka. Kwingine kote ng'ombe wale.

Tungependa utujibu kabla hujashuka. Trekta inakuja Jumatatu, na viazi vimeshaanza kuchipua ndani ya magunia.

Pachamama, mama yetu ardhi, akupe miguu mizima ya kushukia, na Mungu ailinde nyumba yako na jalidi.

Ni sisi,
Akina Mama Wakulima wa Luk'i, Qalani

Imesomwa kwa niaba yao na Basilia Quenta