Wafadhili wa Bi Pindo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka fundi cherehani mmoja. Tulimwita Bi Pindo. Kila sare ya shule aliyoshona aliiachia pindo nene, ili mtoto akirefuka mzazi alifumue tu, asinunue nyingine. Bi Pindo ametutoka.

Alikuwa na mdomo, tusidanganyane. Ukichelewa kuchukua nguo yako, mtaa mzima ulijua. Lakini kwa wanyama alikuwa laini mno. Paka wake wa kwanza alifia mapajani mwake, kwenye benchi la kliniki ya wanyama, mkojo umemziba, na yeye hana cha kumlipa daktari. Tangu hapo, mtu akikwama pale na mnyama mahututi, daktari alimpigia simu Bi Pindo. Jibu lilikuwa lile lile: "Tibu, daktari. Wafadhili wapo."

Wafadhili wapo. Ndivyo tulivyosikia sote. Mbwa aliyegongwa na pikipiki, paka aliyemeza uzi, wote walitibiwa na wafadhili. Mwenye mnyama hakuona aibu, maana hakukuwa na jirani wa kumsimanga.

Kifua kilipoanza kumbana, alipiga danadana. Binti yake anakumbuka: "Nilimwambia, mama, si uwaombe hao wafadhili wako wakupeleke hospitali? Akacheka. Akasema, wale ni wa wanyama, mwanangu, na mimi sina mkia."

Baada ya mazishi, binti alikwenda kliniki. Alitaka namba ya wafadhili ili awape taarifa ya msiba. Daktari akamtazama. "Mimi nilikuwa nakusubiri wewe uniletee. Fedha zote alizileta mama yako kwa mkono wake."

Wasikilizaji wapendwa, wafadhili hawakuwapo. Alikuwa ni Bi Pindo na cherehani yake. Hakuna mwingine. Muuza mkaa, shoga yake wa miaka mingi, alilia kwa hasira mbele yangu: "Tungejua, tungechanga! Kila siku wafadhili wapo, wafadhili wapo. Nasi tukajikalia!"

Nami namkasirikia marehemu, Mungu anisamehe. Alitusitiri, lakini hakutuachia hata upenyo wa kumsaidia. Sasa cherehani imefunikwa shuka. Wale waliosema wangechanga nimewapitia mlango kwa mlango. Kila mmoja ana udhuru wake, na kusema kweli baadhi ni udhuru wa haki. Kliniki haina wa kumpigia simu.

Kwa binti, kwa wajukuu, na kwa daktari aliyeizoea sauti ile, poleni sana. Mwenyezi Mungu ailaze roho yake mahali pema.

Na sisi tuliobaki, tutafakari hili. Wiki hii mlinzi wa ghala alifika kliniki amembeba mbwa wake, tumbo limevimba, anahema kwa shida. Akawaulizia wafadhili. Daktari hana tena dawa ya usingizi ya kumfanyia upasuaji, na duka la dawa halimkopeshi. Ukweli ulimshinda kuutamka. Akasema tu atajaribu kuwatafuta.

Mbwa alikufa kabla hakujakucha. Asubuhi mlinzi akarudi peke yake, kofia ya kazi mkononi. Daktari alidhani amekuja kulaumu. Lakini mlinzi alikuja na ujumbe.

"Daktari, waambie wale wafadhili wasihangaike tena na mimi. Wamsaidie mwingine."