Gunia Lisilo na Mdudu

NYANCHOKA: Haloo! Sema kwa nguvu, huku jikoni kuna kelele. Hii namba ni ya nani?

CELESTINE: Ni mimi, Mama Obare. Celestine wa Sori.

NYANCHOKA: Mama Beverly! Kumbe ni wewe. Wamama, ni Mama Beverly wa Sori! Wanakusalimia wote, uko kwa spika. Mikono yangu imejaa unga, siwezi kushika simu.

CELESTINE: Nawasalimia pia. Hii simu ni ya jirani na krediti ni kidogo. Mama Obare, hebu—

NYANCHOKA: Mbona hukupanda lori na wenzako? Jana tulishusha magunia ya Sori hapa Awendo, tukaangalia, wewe hauko. Nikasema mpishi mwenzangu ameniacha na sufuria za makambi ya kanisa peke yangu.

CELESTINE: Mguu. Mguu ulikuwa unanisumbua.

NYANCHOKA: Pole sana. Kesho Sabato utafika?

CELESTINE: Tutaona. Magunia mmefungua?

NYANCHOKA: (anacheka) Nilijua! Nilijua utapiga kuuliza hilo. Wacha nikwambie. Jana yalifunguliwa mbele ya watu kama kila mwaka. Mzee Kerosi akawa anasoma jina, anachota, anamwaga kwa ungo, kila mtu anaona. Ikafika yako.

CELESTINE: Ehe?

NYANCHOKA: Hakuna mdudu! Hata mmoja! Punje nzima nzima, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Mchungaji mwenyewe akashika kiganja kizima akasema, huyu dada wa Sori amejifunza. Watu wakapiga makofi. Hata Marcella alipiga makofi! Si ndiyo, Marcella? Huyu hapa anachagua maharagwe, anajifanya hasikii.

CELESTINE: Mama Obare, nitoe kwa spika.

NYANCHOKA: Kwani kuna nini?

CELESTINE: Nitoe tu, tafadhali. Na utoke hapo jikoni kidogo.

NYANCHOKA: Ngoja nipanguse mkono... (mikwaruzo) Haya. Niko nyuma ya hema, kwa kuni. Kuna mtu mgonjwa?

CELESTINE: Hapana. Hiyo mahindi yangu... mmeshaipika?

NYANCHOKA: Githeri ya watoto tumeanza nayo, maharagwe yatafuata. Si ndiyo safi kuliko zote? Nyingi ya zile zingine lazima tupepete kwanza. Iko motoni tangu saa mbili.

CELESTINE: Iko motoni.

NYANCHOKA: Inatokota vizuri.

CELESTINE: Wamekula?

NYANCHOKA: Watakulaje saa hii na mahindi bado ni mawe? Ni ya saa nane. Mbona unauliza hivyo?

CELESTINE: Nilikosea gunia. Hiyo ilikuwa mbegu, nilikuwa nimeiweka ya kupanda. Sasa nilikuwa nataka msipike, mnirudishie.

NYANCHOKA: Mbegu gani nyeupe hivyo? Ya duka si ina rangi ya dawa?

CELESTINE: Ya nyumbani. Ya kienyeji.

NYANCHOKA: Gunia nzima ya mbegu, Mama Beverly? Wewe na lile shamba lako la nyuma ya choo? Haloo? Ongea, krediti yako inaisha.

CELESTINE: Unakumbuka makambi ya mwaka jana.

NYANCHOKA: Ah, hayo yaliisha.

CELESTINE: Kwenu yaliisha. Mimi jina langu lilisomwa, Kerosi akamwaga, ungo ukaanza kutembea. Fukusi wakampanda mkono mpaka kwa kiwiko. Watoto wakacheka. Na Marcella akasema mbele ya Mchungaji, hii si mahindi, hii ni mifugo. Mwaka mzima, Mama Obare, sokoni naitwa Mama Mifugo. Naenda ufukweni kwa wavuvi kununua omena, mtu nisiyemjua ananiuliza mifugo wanaendeleaje.

NYANCHOKA: Pole. Sisi wote tulicheka, sitakudanganya. Lakini mwezi wa kwanza afisa wa kilimo alikuja akatufundisha. Anika mpaka ukiuma punje inalia kwa meno. Weka kwa ile mifuko ya plastiki ndani ya gunia, kamua hewa, funga, wadudu wakose pumzi. Na wewe ndio uliitwa mbele ufunge ile ya mfano.

CELESTINE: Nilifunga vizuri. Yangu yote matatu nilifunga hivyo hivyo. Makosa ni omena.

NYANCHOKA: Omena imefanya nini tena?

CELESTINE: Mvua ya mwezi wa nne si ilizidi? Omena haikauki nje. Nikaiweka ndani, chumba kimoja na mahindi. Panya wakafuata harufu. Wakamaliza omena, wakaguguna ile mifuko, chini, upande wa ukuta, mahali sioni. Shimo ya kidole tu, Mama Obare. Hewa ikaingia. Wiki iliyopita nikaenda kutoa ya makambi, nikasikia mahindi inalia ndani. Kri, kri, kri. Nikiinua gunia, unga unamwagika kwa miguu yangu.

NYANCHOKA: Yaaye. Na afisa alisema chakula chenye harufu kikae mbali.

CELESTINE: Alisema! Mimi ndio nilirudia hayo maneno kwa wale waliochelewa kufika. Mimi!

NYANCHOKA: Haya, usilie.

CELESTINE: Silii. Nilichambua kwa mkono siku nne, punje moja moja. Magunia matatu yakatoa moja. Lakini ukichambua leo, kesho wametoka wengine, kumbe wako ndani ya punje yenyewe. Na lori linakuja Alhamisi.

NYANCHOKA: Si ungenipigia? Hapa kwangu mahindi iko. Ningekupimia gunia, hakuna mtu angejua.

CELESTINE: Nikwambie nini? Kwamba yule wa mfuko wa mfano ameshindwa na panya?

NYANCHOKA: Eeh, hivyo tu. Ungeniambia hivyo.

CELESTINE: Niliona aibu. Nikaenda kwa Simeon.

NYANCHOKA: Simeon gani?

CELESTINE: Jirani yangu mwenye ng'ombe. Akanipimia kwa chupa ya soda.

NYANCHOKA: Akakupimia nini?

CELESTINE: (mikwaruzo) ...ya kupe.

NYANCHOKA: Sikusikia. Netwaki hapa—

CELESTINE: Nimesema dawa ya—

NYANCHOKA: Dawa ya nini? Rudia, unakatika.

CELESTINE: Dawa ya kupe! Ile ya kuogesha ng'ombe! Nilitandaza mahindi uani nikainyunyizia, nikaanika, nikafunga. Sasa umesikia? Hata jirani mwenye simu amesikia.

NYANCHOKA: Ndio maana inang'aa.

CELESTINE: Nilidhani moto utaimaliza. Nilijiambia ikioshwa, ikichemka, itatoka. Leo asubuhi nimeamka, kuku wangu wote saba wamelala uani. Walidonoa zile punje zilibaki kwa vumbi. Nikampigia Beverly, si unajua ni nesi huko Homa Bay. Amesema haitoki kwa maji wala kwa moto. Simu yangu ikazima nikiwa naye. Lakini alikuwa amesema kama sipigi mimi, atapiga yeye.

NYANCHOKA: Nyasaye, Mungu wangu. Sufuria ya watoto! Na mimi nimeonja chumvi.

CELESTINE: Umeonja? Umemeza?

NYANCHOKA: Nilitema, mahindi ilikuwa ngumu. Lakini ulimi unaniwasha tangu saa hiyo. Nikasema ni pilipili ya jana.

CELESTINE: Hapana, hapana, hapana. Mama Obare, sukutua mdomo, halafu uende kliniki sasa hivi, usingoje maumivu ya tumbo. Waambie ni dawa ya kupe. Mimi nimekuua. Nimekuua kwa sababu ya kuogopa kuchekwa.

NYANCHOKA: Bado naongea, si maiti. Kliniki ni hapo barabarani, Obare atanipeleka na pikipiki. Kwanza sufuria itolewe motoni. Sikiza. Nitawaambia lori lilikuwa limebeba mafuta ya taa, yakamwagikia gunia lako. Sitataja dawa. Jina lako halitatoka kwa mdomo wangu.

CELESTINE: Utasema hivyo?

NYANCHOKA: Nitasema. Gunia tutafukia, watu watakupa pole, wewe kesho unakuja Sabato na mguu wako. Yameisha.

CELESTINE: Asante. Asante, dada yangu. Mungu akubariki. Haya, basi kimbia—

NYANCHOKA: Naenda. Kwaheri—

CELESTINE: Ngoja.

NYANCHOKA: Nini tena? Sufuria iko motoni!

CELESTINE: Simeon aliniambia kitu. Nilipoomba dawa nikamdanganya ni ya mbuzi. Akacheka, akasema, nyinyi wamama wa makambi, nani amewadanganya? Juzi mwenzako pia alikuja na chupa, naye alisema ni ya mbuzi.

NYANCHOKA: Mwenzako nani?

CELESTINE: Hakutaja. Nilimwomba asitaje mimi, naye akakataa kutaja huyo.

NYANCHOKA: Kwa hivyo kuna gunia lingine.

CELESTINE: Liko hapo kwenu.

NYANCHOKA: Lipi? Ya Sori yako kumi na moja! Mpigie Simeon umuulize!

CELESTINE: Ameenda mnada tangu alfajiri, simu haishikwi. Nimejaribu.

NYANCHOKA: Basi tumwage yote kumi na moja.

CELESTINE: Na watu mia tatu mtawalisha nini? Na kama huyo hakutoka Sori? Simeon ana wateja mpaka Suna. Mama Obare, ukisema ni mafuta ya taa, huyo mwenzangu atanyamaza. Najua atanyamaza, kwa sababu mimi ningenyamaza.

NYANCHOKA: Sasa tufanye nini?

CELESTINE: Rudi jikoni.

NYANCHOKA: Halafu?

CELESTINE: Uniweke kwa spika.

NYANCHOKA: Mama Beverly, hapo ndani kuna wanawake ishirini. Kerosi pia yuko, amekuja kuomba chai.

CELESTINE: Vizuri, Kerosi pia asikie. Niweke haraka, hii simu imeanza kulia, dakika zinaisha.

NYANCHOKA: Wewe ni... Haya. (mikwaruzo) Toeni hiyo sufuria ya watoto motoni! Toeni kwanza, mtauliza baadaye! Wewe, Bitutu, usimwonjeshe mtoto hiyo! Weka chini hiyo sahani! Kila mtu anyamaze. Mama Beverly wa Sori anataka kuongea. Sema, mama.

CELESTINE: Wamama... na Mzee Kerosi. Shikamooni. Lile gunia mlipigia makofi jana, mimi nililiwekea dawa ya kupe. Panya walitoboa mfuko, fukusi wakaingia, nikaogopa mtanicheka tena. Hiyo tu. Sina sababu ingine. Kuku wangu wamekufa wote. Mwageni hiyo githeri kwa shimo, msiioshe, msimpe mbwa, na hiyo sufuria msiipikie tena. Mama Obare ameionja, mpelekeni kliniki.

NYANCHOKA: Endelea. Wanasikia.

CELESTINE: Na hapo mko na mwenzangu. Alichukua dawa kwa Simeon kabla yangu. Simjui, na sitaki kujua ili nimcheke. Mama, kama unanisikia, aibu yenyewe nimeshaibeba mimi. Wewe taja gunia tu. Haloo? Mko?

NYANCHOKA: Tuko. Wamesimama tu. Hakuna anayeongea.

CELESTINE: Imelia tena. Nina dakika moja. Tafadhalini, kuna watoto—

MARCELLA (kwa mbali): Lile la kamba ya bluu.

CELESTINE: Nani huyo? Nani amesema?

NYANCHOKA: Marcella, sogea kwa simu.

MARCELLA: La kamba ya bluu ni langu. Litoeni. Liko chini ya mengine, bado halijapikwa.

CELESTINE: Marcella? Wewe?

MARCELLA: Jana ungo wako ulipong'aa nilijua ni nini, Mama Beverly. Nilijua kwa sababu wangu uling'aa hivyo hivyo. Nikapiga makofi. Nimekaa hapa tangu asubuhi nachagua maharagwe, naangalia hiyo sufuria ya watoto, na mjukuu wangu ni mmoja wao—

CELESTINE: Marcella, sikiza, mimi si—

NYANCHOKA: Haloo? Mama Beverly? Haloo... Imekatika. Marcella, inuka hapo chini, unionyeshe hilo gunia. Obare, washa pikipiki. Nyinyi wengine leteni majembe tuchimbe shimo.