Isiyo na Mwisho, Ukitoa Mmoja

Mimi Sefu nauza kahawa Tengeru, nyuma ya soko. Benchi langu lina wabishi wawili tu, lakini wanatosha kuchosha mkoa mzima: Profesa, dalali wa ng'ombe aliyeishia darasa la saba, na Koikai, tunayemwita Data. Jana Data alikuja na mpwa wake Silantoi, anayesoma hisabati chuo kikuu. Pembeni alikaa Mzee Aminiel wa Nkoaranga, mara yake ya kwanza kushuka sokoni tangu amzike mkewe, mama Yona. Tukamwamkia, nikammiminia, ubishi ukaendelea.

— Mjomba, kwenye hisabati kuna nafasi zenye pande zisizo na mwisho, Silantoi akasema. Si urefu, upana na kimo tu. Ukibana upande mmoja mpaka uwe sifuri, kinachobaki kinaweza kulingana na kile cha mwanzo. Chukua foleni ya kahawa isiyoisha. Wa kwanza akiondoka, kila mtu anasogea hatua moja. Foleni ni ileile.

Aisee, nywele zilinisimama.

— Acha bwana! Profesa akaruka. Yaani zizi la namna hiyo mwizi abebe ng'ombe kila siku, na polisi hawana kesi?

— Hata abebe mia, Data akasema. Hata Mlima Meru uubebe kwa toroli, kesho unaukuta!

— Ndo maana wahenga wakasema, asiyekuwepo na lake halipo! Profesa akadakia. Mtu anaondoka, dunia wala haina habari!

Nilimkanyaga mguu, mjinga yule. Mzee Aminiel alikuwa ameshika kikombe tu, hanywi.

— Ni kweli hiyo, mwanangu? akauliza taratibu. Nina watoto saba, wajukuu sijui wangapi. Kila mtu ananiambia nyumba bado imejaa.

Silantoi akamgeukia.

— Si zote, babu. Miaka mingi watu walijiuliza kama zote ziko hivyo. Kisha ikapatikana nafasi nyingine, nayo haina mwisho kabisa. Hiyo ukibana upande mmoja tu, hailingani tena na ya mwanzo. Hata uipange vipi.

— Haina mwisho, na mmoja bado anaonekana hayupo?

— Ndiyo, babu. Imethibitishwa.

Dah. Niliweka birika chini.

— Sasa mtu aliye ndani atajuaje nafasi yake ni ya aina gani? mzee akauliza.

Ndipo Profesa akavua kofia, akamshika mzee mkono kwa mikono miwili.

— Pole sana kwa msiba, mzee wangu. Saa nzima tunabwabwaja hapa, na hakuna hata mmoja aliyekupa pole.