Kumpelekea Kaimati Benchi

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la spea za pikipiki, hapa Maweni, Malindi. Baada ya swala ya alasiri tunakaa: Kalama, tunayemwita Spika kwa ajili ya sauti yake, Mangi, tunayemwita Daktari kwa sababu aliwahi kulinda lango la zahanati, na mimi Zubeir, wanaoniita Mzee Pole kwa kuwa maneno yangu hayana haraka. Taufiq anatuuzia kahawa. Ile ncha iliyo karibu na seredani yake ya makaa ni ya Nyale, yaani Kaimati. Yeye hufika kabla yetu sote, na jioni sisi humwacha hapo. Wiki hii ncha yake haina mtu. Amepasuliwa moyo Mombasa na, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, ameamka. Jumamosi anarudi. Lakini jana alinipigia simu: madaktari wanataka atembee kila siku, na yeye anaogopa. Akifika nyumbani, alisema, hatoki tena mlangoni. Marehemu mke wangu Kibibi alisema maneno hayo hayo aliporudi kutoka hospitali. Sikutaka kuyasikia mara ya pili. Basi nikatoa shauri: kama Kaimati haji kwenye benchi, benchi liende kwa Kaimati.

— Tuliweke mlangoni kwake, alisema Spika. Akifungua tu, sisi hawa!

— Sasa hapo atatembea nini? akauliza Daktari. Liwekwe mbali kidogo. Alione, asilifikie.

— Umfanye punda?

— Punda ana moyo mzima. Wa Kaimati una viraka.

— Heshima, Daktari.

— Naheshimu. Mimi nimekaa zahanati miaka mingi.

— Langoni!

— Kwani wagonjwa walipitia dirishani?

Spika akasogea mbele.

— Sikilizeni. Tuanzie mlangoni, halafu kila siku tulisogeze kidogo. Yeye hajui. Kufika Idi, yuko sokoni ananunua samaki.

— Asipitishwe kwenye transfoma ya stima! Daktari akaruka. Kifua kimefungwa kwa waya kile. Akipita chini yake, waya zinavutwa kama kwa sumaku, tunamkuta ananing'inia juu kama tiara.

— Na zipu ya suruali yako, aliuliza Taufiq, mbona haijavutwa bado?

— Hii ni shaba.

— Dawa ni wivu, Spika akasema. Tumwambie nafasi yake kapewa mtu wa Magarini. Atakuja mbio na sindano mkononi.

— Hatumdanganyi mgonjwa, nikasema.

— Uongo kidogo tu, Mzee Pole.

— Hata kidogo. Tutamwambia kweli, kwamba tunamtaka hapa. Taufiq, kahawa ipo?

— Hili ndilo tone la mwisho.

Ndipo akafika Gitau na mkokoteni wake. Spika alikuwa amemwita.

— Shikamooni, wazee. Ni hii benchi?

— Marahaba. Ndilo hilo.

Tukalipandisha. Daktari aliamuru kila mtu na hakubeba kitu. Gitau akakaza kamba, akashika mikono ya mkokoteni.

— Haya, twende. Nyumba ni gani?

Spika akaonyesha kulia. Daktari akaonyesha kushoto. Wakatazamana, wakashusha mikono.

— Ni kule nyuma ya… Spika akaanza, akakoma.

— Mlango wa kijani, akasema Daktari.

— Umeuona?

— Nahisi ni wa kijani.

Gitau akatutazama mmoja mmoja.

— Si mmesema huyu ni rafiki yenu?

Kaimati hufika wa kwanza, hubaki wa mwisho. Miaka yote hiyo hatukuwahi kumwona akitoka kwake wala akirudi. Hata mimi niliyetoa shauri nilitazama viatu vyangu. Kisha nikatoa simu, nikampigia, nikaweka sauti wote wasikie.

— Nyale, ndugu yangu, benchi lako liko juu ya mkokoteni. Tunakuletea kwako. Lakini kwako ni wapi?

Akasema:

— Ngojeni nishike mto.

Wauguzi wamemfundisha kuukumbatia mto kifuani anapotaka kukohoa au kucheka. Akacheka, akagumia kwa maumivu, akacheka tena.

— Nyinyi watu! Mmekunywa kahawa na mimi miaka yote hii! Na nikiwaelekeza mtapotea, mtaliweka benchi kwa mke wa mtu.

— Basi tufanyeje?

Nilimsikia akivuta pumzi, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi.

— Lirudisheni. Jumamosi gari litanishusha hapo hapo kijiweni. Twende kwa miguu, polepole, niwaonyeshe. Na Jumapili nitakuja kuona kama mmeshasahau.

— Inshallah, nikasema.

Daktari akainamia simu.

— Kaimati, hiyo njia inapita kwenye transfoma?

— Inapita.

Daktari akafikiri. Akapandisha zipu yake mpaka juu.

— Basi siku hiyo nitatangulia mimi.

Gitau akaanza kufungua kamba.