Kadi za Torquil Geddes na Kilichoandikwa Nyuma Yake

Marehemu Torquil Geddes alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa hapa Strathlorn, mtoto wa pili na wa mwisho wa tarishi Alasdair Geddes na mkewe Jean. Haya yameandikwa na binti yake wa pekee, Seonaid, na ndiye anayeyasoma. Atajitaja kwa jina kama mtu baki, kwa kuwa mchungaji amesema wasifu hauna "mimi". Marehemu angekubali. Kwake "mimi" alikuwa mmoja tu, na sote tulimjua.

Alisoma shule ya msingi ya hapa, kisha sekondari kule Oban, 1963 hadi 1969. Darasa lao lilipopelekwa kupanda mlima, alidai ameteguka kifundo cha mguu, akabaki ndani ya basi na kitabu cha milima. Wenzake waliporudi wamelowa chapachapa, aliwaeleza walichokiona kule juu, na waliokosea akawasahihisha. Dada yake Morag anasema kifundo kilipona basi lilipofika kwenye duka la chipsi.

Alifanya kazi katika duka la vitabu Glasgow hadi Mei 1978, akarudi na kufungua lake kando ya daraja. Mkono wa kushoto zilikaa riwaya mpya za Uskoti. Wa kulia vitabu vya milima, njia na ndege. Chini ya kila kitabu alichokikubali aliweka kadi ya mwandiko wake, na watu waliendesha gari kutoka Aberdeen kuja kuzisoma. "Riwaya hii isomwe na mtu mwenye likizo ndefu na ndoa imara," aliandika chini ya moja, ikaisha kwa siku mbili. Mwandishi aliyenyimwa kadi alitoka pale kichwa chini. Kadi za milima zote zilimalizia kwa maneno "Nimepita mwenyewe." Uongo mtupu. Alipita kwa kidole juu ya ramani, miguu ikiota moto.

Tarehe 16 Julai 1977 alimuoa Effie Laidlaw. Fungate walikwenda Skye, mvua ikanyesha siku nane, naye akasoma riwaya kumi na moja. Effie alipomuuliza yeye afanye nini, alimpa ya kumi na mbili. Effie, mama yake Seonaid, alipenda kukisimulia kisa hiki huku akicheka. Mwaka wake wa mwisho, 2011, alikuwa bado anakisimulia, ila kucheka aliacha.

Mwaka 2021 Seonaid alitoa riwaya yake ya kwanza. Alitaka kitu kimoja tu kwa baba yake, nacho ni kadi. Riwaya ikawekwa rafu ya juu, nyuma ya kalenda, bila kadi. Alipouliza, marehemu alisema, "Nikikupa kwa kuwa u mwanangu, nyingine zote zitakuwa uongo." Seonaid akamuuliza, je, zile za milima? "Milima hainuni," akajibu, akaendelea na chai yake.

Mwaka uliofuata aliusifu mwongozo mpya wa kupanda vilele vya hapa, na kama kawaida, amepita mwenyewe. Baada ya mwezi mchapishaji akaleta vikaratasi mia mbili vya masahihisho, kila nakala ichomekwe kimoja. Marehemu hakupenda vitabu vinavyodondosha karatasi. Lakini vilikuwa vigumu, vizuri, na nyuma vyeupe, akavigeuza kadi zake. Jamaa wawili wa Leeds wakafuata mwongozo ule, wakalala korongoni, wakaja dukani pua zimebabuka kwa baridi. Akawauliza, "Mlikisoma, au mlikibeba tu?" Duka zima likacheka. Seonaid naye alicheka, na anajuta.

Januari 2024 moyo ulianza kumsumbua, daktari akamwamuru atembee. Tarehe 12 Mei, akiwa na miaka sabini na mitatu, alinunua buti. Alichukua mwongozo ule, na kwa mara ya kwanza akaitoa riwaya ya binti yake nyuma ya kalenda. "Nitaisoma kule juu," alimwambia mlangoni. "Nikishuka, utapata kadi yako." Seonaid alisimama dirishani mpaka ukungu ulipomfunika, na mwenye kutaka kujua kama alifurahi, alifurahi kama mtoto.

Kwenye rundo la mawe la alama ya njia, chini kidogo ya kilele, ukungu ulikuwa mzito. Marehemu akafanya alichowashauri wateja wake miaka arobaini na sita: akakiamini kitabu. Kitabu kilisema kushoto. Ruaridh Beaton na kikosi chake cha uokoaji walimkuta asubuhi chini ya korongo. Shangazi Morag alipopewa habari alisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na hakuna aliyemkemea.

Riwaya ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, kavu. Alama ilikuwa ukurasa wa arobaini na moja, na alama yenyewe ndiyo kadi. Nyuma imechapwa: "Ukurasa wa 88: badala ya kushoto isomeke kulia." Mbele, kwa mwandiko wake mzuri: "Mkono anao. Aandike kitu kingine."

Marehemu ameacha dada, Morag; binti, Seonaid; na paka wa dukani, Bosun, ambaye hajanuna. Kamba namba moja ya kuteremshia jeneza kaburini, ya upande wa kichwa, ambayo ni ya mtu wa karibu zaidi, ataishika Seonaid. Baada ya maziko mnakaribishwa hotelini kwa pai ya nyama na wiski. Dukani, kadi zote zimegeuzwa, zinaonyesha upande uliochapwa.

Na kitu kingine alichoagiza ndicho hiki mlichokishika mkononi, wasifu wake. Apumzike sasa, na asikisahihishe.